Kidole

Namba mia moja na kumi na saba,
ukurasa wenye doa la nta,
na jina la mtunzi kwa herufi za sisimizi:
Z. Mwaringa, Malindi. Basi.
Mwaka haukuandikwa.

Ni wimbo wa misiba. Hapa Barani
hatuziki mtu bila huo.
Huanza akina mama, wanaume wakaudaka njiani,
na makoleo yakiwa yameshaanza kazi:

    Nipime upya, Mwokozi,
    kwa mizani ya mbinguni,
    isiyoficha machozi,
    isiyo kidole chini.

Jana kamati imeniletea karatasi za chapa mpya.
Mimi ndiye msomaji wa makosa,
nalipwa chai na mahamri manne.
Bwana Ngumbao amepitisha kalamu nyekundu:
"Kidole kinachekesha. Vijana hawaelewi.
Tuseme, *isiyo dosari ndani*."
Nikahesabu kwa vidole vyangu. Nane.
Mizani imetimia, na kina kimekaa.
Hilo ndilo lililoniuma.

Maana kidole chenyewe nakijua.
Nilikishika nikiwa na miaka sita:
cha shahada, mkono wa kulia,
ukucha mnene wa manjano.
Ndicho kilichonichorea *a* na *be* kwenye mchanga wa uani.

Kabla sijazaliwa kilikuwa na kazi nyingine,
kwenye kinu cha pamba,
chini ya sahani ya mizani,
kikiinua kidogo tu,
ratili mbili hapa, tatu pale,
taratibu, kama mtu anayemshika mtoto kidevu.
Watu walitoka Ganda, walitoka Jilore,
magunia vichwani, wamefunga safari usiku.
Karani alikuwa na shati la pasi
na Jumapili aliimba besi.

Nini kilimgeuza? Kanisani husema maono.
Bibi, aliyeyafua mashati yale, alisema hivi:
"Aliacha mnazi, usingizi ukamkimbia."

Akauza baiskeli. Akauza saa.
Akajaza fedha kwenye kopo la biskuti
akaanza kurudisha, mlango kwa mlango.
Wengine walipokea bila neno.
Mmoja alimzaba kibao, kisha akapokea.
Mzee mmoja alicheka mpaka akaketi chini.

Kakoneni, Nyevu wa Thoya alikuwa akipepeta mahindi.
Kopo hakulitazama.
"Fedha zako kaa nazo," alisema.
"Wewe niambie pamba yangu ilikuwa na uzito gani.
Mwaka ule wa njaa.
Nyumbani nilikuwa nimesema frasila tatu.
Niliporudi na pesa za mbili na nusu
mume wangu aliniita mwizi,
akafa akiniita hivyo."

Babu alifungua kinywa.
Hakukumbuka.
Magunia yale yote, nyuso zile zote.
Angeweza kutaja namba yoyote,
yule mama asingejua,
na hapo ndipo, aliniambia, alipoogopa kwa mara ya kwanza.

Alirudi kwa miguu.
Nyuma ya stakabadhi za kinu akaandika beti tano,
wino ukipenya upande wa hesabu.
Wa nne ulimkataa; bado unachechemea,
wala hatuuimbi.

Nyevu hakuusikia kamwe.
Au aliusikia, akaendelea kupepeta.
Hakubatizwa. Alizikwa kwao, kwa ngoma za kwao,
na sisi hatukuitwa.

Bwana Ngumbao, nisamehe, chai yako nimeinywa.
Pembeni mwa wekundu wako nimeandika: *Iachwe.*
Nimeandika mara mbili, mara ya pili kwa kukandamiza
hadi karatasi ikatoboka.

Jumamosi kuna maziko, mke wa fundi cherehani.
Nitasimama nyuma, karibu na ndoo za maji.
Mstari wa nne ukifika sitaimba.
Nitatazama mikono ya watu,
kila mmoja ameiweka wapi.